Nasaba ya Injini: Namba za Chuma na Ushahidi wa Historia katika Nchi ya Mara

Wafugaji wa nchi ya Mara wajua tangu zamani kwamba rangi ya ng'ombe si ushahidi wa kutosha. Ng'ombe wawili waweza kufanana rangi, pembe na kimo, hata jirani akaapa kuwa ni mmoja. Lakini alama iliyokatwa sikioni, au chapa iliyotiwa kwa moto ubavuni, huwekwa na mwenyewe kwa makusudi, nayo ndiyo inayokata shauri. Hata hivyo, wazee wenye busara hawaiamini alama peke yake. Huuliza pia ni nani aliyeiweka, iliwekwa lini, na kama kovu lake ni la zamani au la juzi. Maana palipo na alama inayoaminiwa, hapakosi mtu atakayejaribu kuighushi.

Injini ya gari nayo ina alama zake, na kanuni ya kuzisoma ni hiyo hiyo ya wafugaji. Makala haya yanaeleza namna injini ya gari la kale la mashindano inavyoweza kutambuliwa kwa namba zilizo katika viungo vyake, kisha yanachunguza elimu hiyo ina faida gani kwa mtu anayetaka kuandika historia ya Musoma, Bunda na Butiama. Huenda ikadhaniwa kuwa jambo hili ni la mafundi, wala halina mahali katika kurasa za wasomi. Dhana hiyo si sahihi. Historia ya Afrika ya Mashariki katika karne ya 20 haikuandikwa kwa kalamu tu. Sehemu yake kubwa imeandikwa katika chuma, na chuma hicho kinayeyushwa kila siku pasipo kusomwa.

Kwanza yafaa kueleza asili ya magari yenyewe. Mwaka 1953, Elizabeth wa Pili alipotawazwa kuwa Malkia wa Uingereza, yalianzishwa mashindano ya magari ya kupita katika nchi tatu za Kenya, Uganda na Tanganyika. Yaliitwa kwanza Coronation Safari, na tangu 1960 yakaitwa East African Safari. Kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, yaani katika masika, njia zilipokuwa tope tupu. Na ugumu wake ukayapa sifa duniani kote. Mwaka 1963 magari 84 yalianza safari, na yaliyofika mwisho ni 7 tu. Mwaka 1968 yalianza 93, yakafika tena 7. Katika miaka yote hiyo miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff, nao waliendesha Peugeot 404. Baina ya miaka hiyo Tanzania nayo ilipata sifa yake, kwa kuwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda pamoja na Chris Rothwell mwaka 1966 na tena mwaka 1967, naye pia katika Peugeot 404.

Lakini magari hayo yalikuwa ya abiria, ya kupeleka watoto shuleni na mizigo sokoni. Gari la michezo hasa, lenye viti viwili, boneti ndefu na mgongo ulioinama, lililopata ushindi wa kukumbukwa katika njia hizo ni Datsun 240Z. Gari hili lilionyeshwa Japani kwa mara ya kwanza mwaka 1969, na huko kwao liliitwa Fairlady Z. Mwaka 1971 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa mkazi wa Kenya, akiwa na Hans Schüller, alishinda Safari katika 240Z. Na aliyemfuata wa pili alikuwa Shekhar Mehta katika gari la namna hiyo hiyo. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe alishinda, akiwa na Lofty Drews. Ushindi huo ulikuwa mwembamba kuliko wote: yeye na Harry Källström, aliyeendesha Datsun nyingine, walifungana kwa alama, hata ikabidi kuangaliwa ni nani aliyekwenda mbali zaidi pasipo kupata alama ya adhabu. Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika jamii ya Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Kwa hiyo aliposhinda mwaka 1973 alikuwa ameshapoteza nchi yake ya kuzaliwa. Alishinda Safari mara nne zaidi, mfululizo kutoka 1979 hadi 1982, akafariki London mwaka 2006.

Sifa hiyo ndiyo iliyolipa gari thamani, na thamani ndiyo iliyozaa shaka. Leo mtu akimiliki 240Z ya kale, swali la kwanza aulizwalo ni kama injini iliyomo ndiyo iliyozaliwa nayo. Jibu likiwa ndiyo, bei hupanda sana. Likiwa siyo, hushuka. Na palipo na faida namna hiyo, hapana budi kuwapo uongo. Ndipo elimu ya namba ilipopata heshima.

Mtu atakayeichunguza injini sharti atenge namna tatu za namba, maana kuzichanganya ndiko chanzo cha makosa mengi. Namna ya kwanza ni namba iliyosubiwa pamoja na chuma chenyewe. Hii huinuka juu ya uso wa chuma, kwa sababu ilichongwa katika kalibu kabla ya madini kumiminwa. Namba hiyo haisemi habari za injini moja. Husema habari za kalibu, na injini maelfu zilizotoka katika kalibu ile zina namba ile ile. Namna ya pili ni namba iliyogongwa kwa nyundo au kwa mashine baada ya chuma kupoa na kusawazishwa. Hii huzama ndani, nayo ndiyo ya injini moja peke yake, kama jina la mtu. Namna ya tatu ni namba ya orodha, itumiwayo dukani kuagiza kipuri. Mara nyingi haimo katika chuma kabisa, bali imo katika kitabu na juu ya kasha. Katika orodha za Nissan, kwa mfano, tarakimu tano za mwanzo hutaja aina ya kiungo: 11010 ni bloku, 12010 ni pistoni, 15208 ni chujio la oili. Herufi na tarakimu zinazofuata hutaja ni ya gari gani. Basi namba ya kwanza ni ya ukoo, ya pili ni ya mtu, na ya tatu ni ya soko.

Katika Datsun 240Z, namba iliyogongwa iko ubavu wa kulia wa bloku, upande wa nyuma, chini kidogo ya kichwa cha injini. Huanza kwa L24, kisha hufuata tarakimu za injini yenyewe. Herufi L ni jina la ukoo wa injini hizo za Nissan, na 24 ni ukubwa wake, yaani lita 2.4. Namba hiyo hiyo huandikwa pia katika kibati kilichopigiliwa chini ya boneti, pamoja na namba ya gari. Namba ya gari nayo ina maana: HS30 ni 240Z yenye usukani wa kulia, kama itakiwavyo Tanzania, Kenya na Uganda, HLS30 ni yenye usukani wa kushoto, iliyotengenezwa kwa nchi kama Marekani. Gari lililoandikwa S30 pekee lilikuwa la Japani kwenyewe, nalo lilitiwa injini ndogo zaidi ya lita 2.

Lakini herufi na tarakimu ni maneno, na maneno yaweza kusema uongo. Kipimo ndicho kisichosema uongo kwa urahisi. Injini ya L24 ina silinda 6. Kila silinda ina kipenyo cha milimeta 83, na pistoni husafiri milimeta 73.7 kutoka chini hadi juu. Mwanafunzi yeyote aliyejifunza hesabu ya mduara aweza kupata ujazo wake: eneo la silinda moja ni kiasi cha sentimeta 54.1 za mraba. Likizidishwa kwa sentimeta 7.37, kisha kwa 6, hutoka kiasi cha sentimeta 2,393 za ujazo. Ndugu yake mdogo, L16, aliyetiwa katika Datsun 1600, ana kipenyo kile kile na mwendo ule ule wa pistoni, ila silinda zake ni 4; kwa hiyo ujazo wake ni 1,595, yaani theluthi mbili kamili za L24. Huu ndio ushahidi wa wazi kuwa injini hizi ni za tumbo moja. Waliofuata ni L26, ambayo pistoni husafiri milimeta 79 katika kipenyo kile cha 83, na L28, yenye kipenyo cha 86 na mwendo wa 79, ambayo ujazo wake ni 2,753.

Kichwa cha injini nacho husema. Bloku ya L24 ni ya chuma cha kusubu, na kichwa chake ni cha alumini. Vyaweza kutenganishwa kwa kufungua bolti, na ndiyo sababu kichwa na bloku havikosi kuachana katika maisha marefu ya gari. Karibu na plagi husomwa alama iliyosubiwa. Katika magari ya kwanza ya 240Z alama hiyo ni E31. Baadaye ikawa E88, na E88 iliendelea hata katika gari lililofuata la 260Z. Alama ya N42 ni ya L28 iliyotiwa katika 280Z, gari lililoanza kuuzwa Marekani kwa mwaka wa 1975. Nayo hupatikana katika kichwa na katika bloku vilevile. F54 ni bloku ya L28 za baadaye, za miaka ya mwanzo ya 1980.

Na ichukuliwe kwa mfano kwamba injini moja yenye silinda 6 imekutwa chini ya mwembe nyuma ya gereji mjini Bunda, na kwamba mwenyewe asema imetoka katika gari lililoshindana Safari ya 1971. Ubavuni imegongwa L24 na tarakimu zake. Kichwani pameandikwa E31. Mtu mwepesi atasadiki papo hapo, kwa kuwa mashahidi wawili wamepatana. Mchunguzi hatasadiki bado. Atafungua kichwa na kupima silinda. Akipata milimeta 83, au 83.5, au hata 84, hatashangaa, maana silinda iliyolika huchongwa na kutiwa pistoni ya ovasaizi, robo milimeta kwa robo milimeta. Lakini akipata 86, na krenki ikionyesha mwendo wa 79, huku ubavuni mwa bloku, chini ya masizi na oili iliyoganda, panasomeka N42, basi shauri limekwisha. Bloku ile ni ya L28, na L28 haikuwapo mwaka 1971 wala 1973. Namba ya L24 imegongwa baadaye na mkono mwingine. Akiangalia vizuri ataona dalili: uso uliogongwa umepigwa tupa, mistari ya mashine ya kiwandani imefutika, herufi hazikai sawa. Hata namba iliyosagwa yaweza pengine kufufuliwa, kwa kuwa nyundo hukandamiza chuma chini ya namba kuliko machoni panapoonekana. Na katika maabara za uchunguzi wa jinai, tindikali hupakwa juu ya uso uliosawazishwa, na namba ya zamani hujitokeza kama kivuli. Njia ya mwongo ni fupi.

Wanafunzi wa fasihi watatambua mara moja kwamba njia hii si ngeni. Ndiyo njia ya mtu anayehakiki nuskha ya utenzi wa kale. Jina la mtunzi katika beti za mwisho ni kama namba iliyogongwa: lina thamani kubwa, lakini mnakili aweza kulibadili. Karatasi na chapa yake ya maji ni kama namba iliyosubiwa: haitaji mtu, ila hutaja zama, na hakuna mnakili awezaye kuandika juu ya karatasi ambayo haijatengenezwa. Mizani ya beti ni kama kipimo cha silinda. Na simulizi ya aliyemkabidhi nani nuskha ile ni isnadi, ambayo kwa gari ni mlolongo wa wenye mali walioandikwa katika kadi. Shahidi mmoja hatoshi. Wawili wanaotoka chanzo kimoja ni sawa na mmoja. Na shahidi asiyekusudia kushuhudia, kama ile N42 iliyofichwa na masizi, ni bora kuliko kumi waliokusudia.

Hadi hapa pamesemwa juu ya namna ya kumkamata mwongo. Lakini njia hii ikichukuliwa kama ilivyo kutoka kwa wakusanyaji wa magari wa Ulaya, Marekani na Japani, na kutumiwa katika nchi ya Mara pasipo kufikiri, itamhukumu mtu asiye na hatia. Ili jambo hili lieleweke, sharti itazamwe historia ya mahali penyewe.

Mwaka 1934 mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alipelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma. Safari ya kutoka kwao ilikuwa ya kiasi cha maili 26, na aliikwenda kwa miguu. Umbali huo leo ni mwendo mfupi tu wa gari. Barabara itokayo Mwanza hupita Bunda, ikaelekea kaskazini hadi Sirari kwenye mpaka wa Kenya, na Musoma iko kando yake juu ya ufuko wa Ziwa. Kwa hiyo nchi ya Mara iko njiani, na kipuri cha gari kilichotoka Nairobi au Kisumu hakikuwa na safari ndefu kufika Musoma, maadam mpaka ulikuwa wazi.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa tena hadi 1983. Katikati ya miaka hiyo vilikuja Vita vya Kagera, vya 1978 hadi 1979, ambavyo viligharimu nchi fedha nyingi. Bei ya mafuta ikapanda duniani. Fedha za kigeni zikawa haba, na vipuri vikawa adimu kama maji ya kiangazi. Mashindano ya Safari yenyewe yalikuwa yamekwisha jifungia ndani ya Kenya tangu katikati ya miaka ya 1970. Watu wa Mara walijikuta jirani na soko wasiloweza kulifikia kwa njia ya halali. Ni baada ya 1984, Serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, ndipo upungufu ulipoanza kulegea.

Katika hali hiyo fundi alifanya nini? Alifanya yale ambayo fundi wa nchi yoyote iliyozingirwa angefanya. Gari lililovunjika krenki halikutupwa. Lilipewa injini ya gari lililovunjika ekseli. Kichwa cha injini hii kilifungwa juu ya bloku ya injini ile, maadam ni ndugu. Hapo ndipo udugu wa ukoo wa L ulipokuwa na maana isiyojulikana na wale walioubuni: kwa kuwa L16 na L24 zina kipenyo kimoja, kiungo cha gari la michezo na kiungo cha gari la abiria vyaweza kusaidiana kwa jambo moja au jingine. Elimu ya namba haikuwa ya kupandisha bei. Ilikuwa elimu ya kujua nini kitaingia katika nini, na mwenye kuijua aliweza kulirudisha barabarani gari ambalo mwingine angeliacha liote nyasi. Elimu hiyo ilikaa zaidi katika gereji bubu, zile zisizo na kibao wala leseni, nayo ilipitishwa kutoka kwa fundi hadi kwa mwanagenzi kwa mkono na kwa jicho, si kwa kitabu.

Kwa hiyo gari la zama zile lenye bloku ya namba moja, kichwa cha namba nyingine, na kadi yenye namba ya tatu, si lazima liwe la wizi au la udanganyifu. Kadi ya gari huandikwa namba ya chesisi na namba ya injini, na sheria ina haki kutaka zilingane, kwa kuwa mwizi naye hutumia njia ile ile ya kubadilishana viungo. Lakini mwanahistoria si polisi wa barabarani. Kwake, namba zisizolingana ni hati. Zamwambia kwamba katika mwaka fulani gari hili halikuweza kupata kiungo chake, na kwamba palikuwapo mtu aliyejua cha kufanya. Zikisomwa kwa wingi, gari baada ya gari, zaweza kuonyesha jinsi vipuri vilivyosafiri baina ya Musoma, Bunda na vijiji vya Butiama katika miaka ambayo biashara nyingi haikuandikwa katika daftari lolote, kwa sababu iliyo wazi kwamba walioifanya hawakutaka iandikwe.

Hapa pana hitilafu ya kweli baina ya hukumu mbili. Mkusanyaji husema gari bora ni lile lisilobadilishwa, na kila mkono ulioligusa baada ya kiwanda umelipunguzia ukweli wake. Kwa hukumu hiyo, magari ya Mara hayana thamani, na anayetaka kuyatengeneza ayatoe viungo vya kuazima na kuyarudishia vya asili. Fundi husema gari bora ni lile linalokwenda. Ni ipi iliyo karibu na haki? Historia ya Safari yenyewe yatoa ushahidi. Mwaka 1965 Joginder Singh, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda katika Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya: ilikuwa imeletwa na kiwanda kwa mashindano ya 1964, ikaachwa Kenya, na ndugu hao wakaitengeneza wenyewe. Ushindi huo hauwezi kuelezwa kwa namba za kiwanda. Waelezwa kwa kazi iliyofanywa baada ya kiwanda kuondoka. Mtu atakayeliondolea gari la namna hiyo kila alama ya mkono wa fundi, ili lifanane na siku lilipozaliwa, atakuwa amefuta sababu ya kulikumbuka.

Haifuati, hata hivyo, kwamba namba hazina maana, au kwamba kila hadithi ya gereji ikubaliwe. Kinyume chake. Anayesema kuwa namba zisizolingana ni hati, ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kuzisoma sawasawa, maana asipoweza kupambanua bloku iliyobadilishwa kwa dhiki na bloku iliyogongwa namba kwa hila, atamtukuza mwongo na kumdharau fundi katika sentensi moja. Kipimo kile kile kinachomfedhehi mwongo ndicho kinachomsafisha fundi. Fundi aliyetia L28 mahali pa L24 kwa sababu ndiyo aliyoipata, hakuisaga namba yake. Aliiacha kama ilivyo, wala hakuona haya. Kuisaga namba ndiko kunakotofautisha nia na nia.

Jambo hili lina haraka yake. Injini za zama hizo zinatoweka. Biashara ya chuma chakavu hununua kwa kilo, nayo haiulizi namba. Bloku iliyokaa miaka 30 nyuma ya gereji hupakiwa, hupelekwa tanuruni, ikawa nondo za kujengea. Na mafundi waliofanya kazi kabla ya mpaka kufunguliwa mwaka 1983 wamekuwa wazee, na wengi wamekwisha zikwa. Wakati huo huo Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971 imehifadhiwa Japani, katika mkusanyo wa kiwanda chake huko Zama, safi na yenye kumbukumbu kamili. Si dhambi ya Wajapani kwamba wamehifadhi chao. Lakini gari lile lilipata jina lake katika tope la Afrika ya Mashariki, na ni ajabu kwamba tope limesahauliwa na gari limekumbukwa.

Butiama ina Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule aliofariki. Humo vitu vidogo vya maisha ya kila siku vimewekwa pamoja na zawadi za wakuu, na mgeni huona kwamba kitu cha kawaida, kikijulikana ni cha nani na cha lini, chaweza kusema zaidi ya dhahabu. Kanuni hiyo yafaa kuenezwa. Hapahitajiwi jengo jipya wala fedha nyingi ili kuanza. Panahitajiwa daftari, tochi, brashi ya waya, na kipimo cha kipenyo. Na mwanafunzi aliye tayari kulala chini ya gari, asome namba iliyosubiwa na iliyogongwa, apime silinda, kisha aketi na fundi amwulize ilikuwaje viungo hivi viwili vikakutana.

Katika Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa Azimio ambalo, pamoja na kutaka elimu ya msingi kwa wote, lilitaka masomo yashikamane na kazi, na mtu afanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Agizo la kuingia chuoni halikudumu, na sababu zake zaweza kujadiliwa mahali pengine. Lakini wazo lililokuwa ndani yake, kwamba kuna elimu ambayo msomi hana budi kuipata kutoka kwa mtu mwenye mikono michafu, halikupata kukanushwa na yeyote. Injini iliyolala chini ya mwembe ni nuskha mojawapo ya elimu hiyo. Imeandikwa kwa herufi chache, nyingine zimeinuka na nyingine zimezama, na tofauti ya kuinuka na kuzama ni tofauti ya ukoo na mtu. Anayeijua aweza kuisoma leo. Mwaka ujao huenda imekwisha kuwa nondo.